Anunuaye Uta wa Roda Aupime kwa Mkono Wake

Wanaoifahamu Biashara Street, mjini Mombasa, wanajua kwamba leso hainunuliwi kwa rangi peke yake. Mnunuzi huitandaza doti, akatazama pindo na mji, kisha akalisoma jina, kwa kuwa leso nzuri yenye jina baya huweza kumtia mvaaji katika ugomvi na jirani. Katika mtaa huo huo niliulizwa swali na mwanafunzi wangu mmoja, binti wa muuza leso, ambaye kwa miaka mitatu amelenga shabaha kwa uta wa aina itumikayo katika Olimpiki. Mzee wake amemwekea akiba ya mauzo ya Idi mbili ili anunue uta wa aina ya pili, na amemwambia waziwazi kwamba fedha hizo hazitapatikana tena. "Mwalimu," aliuliza, "nichague upi?"

Swali hilo linanihusu kwa njia mbili: mimi ni mwalimu wa isimu, na jioni zangu nyingi nimezimaliza mbele ya shabaha. Basi natuanze na maneno. Uta ni neno la kale katika lugha za Kibantu. Wakikuyu na Wakamba husema uta kama sisi, na Wagiriama husema uha, kwa kuwa t yetu aghalabu huwa h kwao, kama vile tatu inavyokuwa hahu. Kamba ya uta ni upote, na mfuko wa mishale ni podo. Wanamichezo wa leo wana aina mbili wazitajazo kwa matamshi ya Kizungu, rikavu na kompaundi. Ya kwanza ncha zake zimekunjwa kuelekea mbele, nami nitaiita uta wa mkunjo. Ya pili ina magurudumu mawili kwenye ncha zake, ambayo mabaharia wa Bandari ya Kale wangeyatambua mara moja, maana ni jamii ya roda zipitishazo kamba za tanga. Wapo watakaosema ni makapi. Walakini makapi ni maganda ya nafaka vilevile, na si vyema chombo cha thamani kiitwe jina la takataka. Nitauita uta wa roda. Aliyeubuni ni Holless Wilbur Allen wa Missouri, Marekani, na hataza yake ilitolewa mwaka 1969.

Katika uta wa mkunjo, uzito huongezeka kadiri upote unavyovutwa, na mlengaji hubeba uzito wote afikapo kidevuni. Aliyezoea pauni 36 huzishika zote 36 kwa vidole vitatu. Uta wa roda una tabia nyingine. Roda zake hazizunguki kwenye kitovu bali kando yake, kwa hiyo uzito hufika kileleni mapema kisha huporomoka. Uta wa pauni 50 wenye nafuu ya asilimia 80 humwachia mlengaji pauni 10 tu za kushikilia huku akiitazama shabaha. Hapo upote hukoma kana kwamba umegonga ukuta.

Ukuta huo ndio unaowaponza wengi. Kwa uta wa mkunjo, mlengaji mwenyewe ndiye aamuaye mkono wake ukome wapi, hata mrefu na mfupi wanaweza kuutumia uta mmoja. Kwa uta wa roda, uta wenyewe ndio uamuao. Nguo ya kuazima, walisema wahenga, haisitiri matako. Uta uliowekwa kwa kipimo cha mikono ya mtu mwingine utampinda mgongo mwanafunzi huyu, na mishale yake itatawanyika hata awe hodari vipi. Wala kipimo chake cha zamani hakifai kunukuliwa tu, kwa sababu sasa atavuta kwa kifyatulio badala ya vidole, na mkono wake utatulia mahali pengine penye taya. Hana budi kupimwa upya na mkufunzi. Tena, uta wake wa kwanza uwe ule unaorekebishika urefu wa mvuto kwa skrubu, bila kulazimika kununua roda nyingine.

Jambo la pili ni uzito. Nafuu niliyoieleza huwahadaa watu wakaagiza pauni 60, ambazo ndizo kikomo katika mashindano ya kimataifa, wakisahau kwamba kilele hakina budi kuvukwa kwanza. Jaribio lake ni jepesi: keti kitini, elekeza uta kwenye shabaha, kisha uvute taratibu. Ukilazimika kuuelekeza mbinguni ndipo uvutike, uta huo ni mzito kwako. Kwa kuwa mingi huweza kupunguzwa kiasi cha pauni 10 kutoka kikomo chake, wenye kikomo cha pauni 50 utamwezesha kuanzia 40 na kupanda polepole.

La tatu ni matumizi. Picha nyingi zinazovutia ni za pinde za wawindaji, fupi za kiasi cha inchi 30, zilizoundwa zibebeke porini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mlengaji wa shabaha ahitaji uta mrefu zaidi, kati ya inchi 36 na 40, unaotulia mkononi na ambao upote wake hukutana vyema na uso.

La nne ni kwamba akiba yote isiishie kwenye uta. Kuna kifyatulio, kuna lenzi, kuna tundu dogo la kuchungulia lifungwalo kwenye upote. Fimbo za kusawazisha zaweza kuhamishwa kutoka uta wa zamani, lakini mishale isihamishwe: mshale laini uliofaa pauni 36 waweza kuvunjika na kumjeruhi mkono. Upote wa uta huu nao haubadilishwi bila mtambo wa kukandamiza. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mnunuzi aulize ni nani mwenye mtambo huo karibu naye. Kadhalika, asiachie upote kamwe pasipo mshale, asije akauvunja uta.

Najua kinachowasukuma vijana. Mwezi Aprili 2025 ilitangazwa kwamba uta wa roda utaingia katika Olimpiki ya Los Angeles ya 2028, kwa timu ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Ni habari njema, walakini nafasi hizo ni chache mno. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Shehzana Anwar, aliyeibeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, alishindana kwa uta wa mkunjo. Mwanafunzi wangu asiuuze uta wake wa zamani. Miaka mitatu ya kujifunza kusimama na kutuliza pumzi ni mtaji utakaomfaa katika aina zote mbili.

Nilimshauri aazime uta wa roda wa mwenzake, si wa kushindania bali wa kujipimia, na aandike urefu wa mvuto wake na uzito auwezao kwa mwezi mzima kabla akiba ya mzee haijaguswa. Nanyi walimu wenzangu mnaosimamia michezo shuleni, wafundisheni vijana sehemu za chombo hiki kwa maneno wanayoyaelewa. Mwanafunzi asiyeelewa ukuta wa uta ni nini hawezi kumwambia muuzaji kwamba ukuta huo uko mbali mno na mkono wake, na hasara ya kunyamaza kwake italipwa na mzazi.