Nyumba Yauzwa, Mpangaji Yumo Ndani

Ndugu msikilizaji, ukitembea katika mitaa ya Isanga, Ilemi na Nzovwe jijini Mbeya, au ukizunguka Kihesa, Mtwivila na Kitwiru mjini Iringa, utasoma kutani maandishi ya aina mbili. Ya kwanza yanasema: "Nyumba hii inauzwa", na namba ya simu chini yake. Ya pili, mara nyingi kwa rangi nyekundu, yanasema: "Nyumba hii haiuzwi." Lakini iwe inauzwa ama haiuzwi, uani nguo zimeanikwa, jiko la mkaa linafuka moshi na watoto wanacheza. Hao ni wapangaji. Nao mara nyingi ndio wa mwisho kuambiwa kwamba nyumba wanayolala imeingia sokoni.

Juma hili nataka tuzungumzie siku ambayo muuzaji, mnunuzi na mpangaji wanakutana uso kwa uso, yaani siku ya kuonyesha nyumba. Ni siku yenye aibu nyingi, na aibu hizo zingeweza kuepukika.

Tuanze na yanayotokea. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam. Amempigia simu dalali, dalali amempata mnunuzi, na mnunuzi amekuja na mkewe pamoja na fundi wa kukagua kuta. Hodi! Mama wa chumba cha mbele anadhani ni wageni wake, anawakaribisha, anapangusa kochi. Kabla hajauliza habari za watokako, fundi ameshaanza kugonga ukuta, na mke wa mnunuzi anasema, "Hiki tutakifanya cha watoto." Mama wa watu anabaki amesimama na birika mkononi. Ndiyo kwanza anajua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja, na mwenyeji ndiye anayeugua.

Wanakwenda chumba cha pili. Kimefungwa kwa kufuli, maana mwenyewe ni mfanyabiashara, yuko Tunduma na harudi mpaka Ijumaa. Chumba cha tatu amelala muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Dalali anasema, "Msiwe na shaka, vyote vinafanana." Mnunuzi anatakiwa kutoa mamilioni ya akiba yake kwa vyumba ambavyo hajavitia machoni.

Kisha mpangaji anafungua kinywa, na hapo ndipo mambo yanapoharibika kwa muuzaji. Dalali amesema maji ni ya uhakika. Mpangaji, kwa hasira au kwa uaminifu tu, anasema, "Maji? Hapa tunakinga usiku wa manane." Anaonyesha ndoo iliyo chini ya dari, ambayo hukaa pale tangu mvua za Novemba mpaka za Aprili. Kama nyumba iko karibu na barabara kuu, anaweza hata kuonyesha alama ya X iliyofunikwa kwa rangi mpya. Alama hiyo si ya kupuuzwa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka meta 22.5 hadi meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na nyumba nyingi zilizojengwa zamani zikajikuta zimeingia ndani ya hifadhi.

Lipo na jingine zito zaidi. Mnunuzi anauliza, "Kodi mnamlipa nani?" Mpangaji anajibu, "Tunamlipa mama, siyo huyu baba." Au, "Tangu mzee afariki tunawalipa watoto kwa zamu." Msikilizaji, jibu hilo ni kengele ya hatari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba ya familia haiuzwi na mwanandoa mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Na nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo na mtoto wa kwanza kwa sababu tu ni wa kwanza. Huenda maandishi yale ya "haiuzwi" yaliandikwa na ndugu aliyekuwa anajua haya.

Kuna pia kodi iliyokwisha kuliwa. Mpangaji aliingia nyumba haina dari wala mita yake ya umeme. Akakubaliana na mwenye nyumba kwa mdomo kwamba yeye ataweka vitu hivyo, na gharama ikatwe kidogo kidogo kwenye kodi. Mnunuzi anakuja akipiga hesabu ya kodi atakayoanza kukusanya mwezi ujao, anaambiwa, "Mimi hapa sidaiwi kitu mpaka mwakani." Hakuna karatasi, na mwenye nyumba anasema hakumbuki.

Iringa ina mshangao wake wa pekee. Mitaa kama Kihesa na Semtema imejaa vyumba vya wanafunzi wa vyuo vikuu. Mnunuzi akioneshwa nyumba mwezi Septemba, wakati wa likizo, anaikuta kimya na milango imefungwa, naye anaamini ananunua nyumba tupu. Vyuo vikifunguliwa, wanarudi vijana wanane na mabegi yao, kila mmoja na risiti ya kodi ya mwaka mzima aliyolipiwa na wazazi. Nyumba haikuwa tupu, ilikuwa likizo.

Na mwisho yupo mpangaji anayejigeuza mwenye nyumba. Anapanga nyumba nzima kwa miezi michache, anaweka samani, kisha anawaonyesha wanunuzi kana kwamba ni yake. Anayeonyesha ana funguo, anakaa ndani, watoto wa jirani wanamwamkia. Lakini funguo si hati.

Sasa tujiulize, kulikoni? Kwa nini mwenye nyumba asiseme mapema? Ukweli wa mambo ni kwamba anaogopa. Anaogopa wapangaji watahama kabla nyumba haijauzwa, naye akose kodi na mnunuzi kwa pamoja. Mpangaji naye anaogopa, maana amelipa miezi sita au mwaka mzima mbele, na hana fedha nyingine ya kulipa kwingine kesho. Woga huu wa pande mbili unakua kwa sababu wengi hatujui sheria inasemaje.

Zamani tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ambayo ilimlinda sana mpangaji na kuweka mabaraza ya nyumba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Toka hapo kumezuka makundi mawili. Moja linaamini mpangaji bado hagusiki. Jingine linaamini kwamba sheria ilipofutwa, mwenye nyumba aliruhusiwa kufanya apendavyo. Yote mawili yamekosea.

Upangaji sasa uko chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Sheria hiyo inaweka masharti yanayohesabika kuwamo katika kila mkataba wa upangaji, hata kama hayakuandikwa. Kwanza, mpangaji anayelipa kodi na kutimiza wajibu wake ana haki ya kukaa kwa amani bila kubughudhiwa. Pili, mwenye nyumba au wakala wake anaweza kuingia kukagua hali ya jengo, lakini kwa saa za kiungwana na baada ya kutoa taarifa ya kutosha. Hata mwenye mali yake anabisha hodi. Sembuse dalali na watu wake!

Tatu, mkataba wa mwaka mmoja au chini ya hapo unaweza kuwa wa mdomo na bado ukawa mkataba. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mpangaji asiye na karatasi hana haki. Nne, kama muda haukutajwa na kodi hulipwa kwa vipindi, notisi ya kuhama isipungue kipindi kimoja. Anayelipa kwa mwezi apewe walau mwezi mmoja.

Na hili ndilo kubwa: kuuza nyumba hakuvunji mkataba wa mpangaji. Mnunuzi anavaa viatu vya muuzaji, anaipokea nyumba pamoja na wapangaji wake na miezi waliyokwisha kuilipia. Wala hawezi kusema hakujua, kwa sababu sheria inamtazama kama mtu aliyepaswa kukagua na kuuliza. Nguo zilizoanikwa uani ni taarifa tosha kwamba kuna watu ndani.

Tuiweke katika shilingi. Tuseme nyumba ina wapangaji wanne, kila mmoja analipa shilingi 50,000 kwa mwezi, na wote wamelipa miezi sita mbele. Mwenye nyumba amekwisha kupokea shilingi 1,200,000. Baada ya miezi miwili anauza. Imebaki miezi minne, yaani shilingi 200,000 kwa kila mpangaji, jumla shilingi 800,000. Mnunuzi hawezi kuwadai tena wapangaji fedha hizo, maana wamekwisha kulipa. Atakuwa na nyumba isiyomletea kodi kwa miezi minne, wakati fedha imebaki mfukoni mwa muuzaji. Dawa yake ni rahisi: shilingi 800,000 zipunguzwe kwenye bei, na iandikwe. Kama mnunuzi anataka nyumba tupu, basi muuzaji akae na wapangaji wakubaliane, awarudishie fedha zao zilizobaki pamoja na kitu cha kuhamia, na hayo yamalizike kabla ya fedha ya nyumba kubadilisha mikono.

Sasa kila mmoja afanye nini?

Mwenye nyumba, anza na mpangaji kabla ya dalali. Mwambie kwa kinywa chako au kwa simu: nyumba nataka kuiuza, kodi yako iko salama, na wageni watakuja siku fulani saa fulani. Mkubaliane siku moja au mbili kwa wiki, siyo kila dalali aje kwa wakati wake. Vizuri zaidi, sharti la kuonyesha nyumba liandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo. Na kama mpangaji wako amekaa miaka mingi na analipa vizuri, muulize kwanza kama yeye mwenyewe hanunui. Serikali ilipouza nyumba zake kuanzia mwaka 2002, iliwauzia watumishi wa umma, wengi wao wakiwa ndio waliokuwa wakizikalia.

Mnunuzi, zungumza na mpangaji, tena dalali akiwa pembeni. Umwamkie, umweleze shida yako, halafu uulize: unamlipa nani, umelipa mpaka lini, ulitengeneza nini kwa fedha yako, maji yanatoka lini, mpaka wa kiwanja uko wapi. Uliza pia mita ya LUKU ni ya nani, kwa kuwa tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa humo, na huenda mpangaji amekuwa akimlipia mwenye nyumba kodi ambayo si yake. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na uende ofisi ya ardhi kuhakikisha jina lililo kwenye hati. Kila mkoa umekuwa na ofisi yake ya ardhi tangu mwaka 2020.

Mpangaji, usiufunge mlango kwa hasira, maana kufuli halikuongezei haki. Tunza risiti za kodi, na kama unalipa kwa simu, tunza ujumbe. Makubaliano ya dari na mita yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili waweke saini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wageni wakija, sema kweli, wala usiongeze chumvi.

Na ugomvi ukizuka? Mahali pake ni Baraza la Kata kwanza, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na siyo kuhukumu. Usuluhishi ukishindikana, liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kung'oa mlango, kuezua bati au kukata umeme ili mpangaji atoke mwenyewe, hiyo siyo njia. Fikirini Julai ya Mbeya au ya Iringa, mtoto mchanga analala chini ya paa lililoezuliwa, kwa sababu tu watu wazima watatu walishindwa kukaa kitako na kuhesabu miezi iliyobaki.

Ndugu msikilizaji, nyumba ni mali ya aliyeijenga, na ana haki ya kuiuza. Lakini chumba kilicholipiwa ni makazi ya aliyemo mpaka siku zake ziishe. Anayeviheshimu vyote viwili hatashangazwa siku ya kuonyesha nyumba. Tukutane juma lijalo.