Neno "Mtindo" na Maana Zake

Katika madarasa ya fasihi, mtindo hufafanuliwa kuwa ni namna ya pekee ya mwandishi kujieleza. Maana hiyo ni sahihi, lakini ni moja tu kati ya nne. Makala haya yakusudia kuzitenga, kwa kuwa kuzichanganya kwamgharimu mwanafunzi.

Kwanza, mtindo ni kielelezo cha wengi. Mwanamke wa Chumbi, wilayani Rufiji, asemaye kuwa amesukwa mtindo wa twende kilioni hadai kuwa ameubuni yeye. Ataja jambo alijualo kila msusi. Katika mazungumzo, neno la mkopo staili limetwaa sehemu ya kazi hii. Hata hivyo, nguo ina mshono na shairi lina bahari. Atumiaye mtindo mahali pa maneno hayo ataeleweka, ila atakuwa amesema machache kuliko alivyoweza.

Pili, mtindo ni alama ya kundi. Bendi za dansi za Tanzania zilijitambulisha kwa mitindo yenye majina. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilipiga Msondo, jina la ngoma ndefu. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilitwaa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Jina la mtindo lilikua hata likalifunika la bendi: warithi wa NUTA Jazz hujulikana kama Msondo Ngoma.

Tatu, mtindo ni mazoea, na mara nyingi huwa na lawama ndani yake: "Mtindo wake ni kukopa asilipe." Hapa latofautiana na desturi. Desturi hurithiwa na kuheshimiwa. Mtindo huzuka na kuenea. Tukisema kuchelewa mikutanoni kumekuwa mtindo, twalalamika. Tukisema ni desturi, tumekwisha kukubali.

Nne ndiyo maana ya kifasihi. Mwanafunzi aambiwapo ajadili mtindo wa riwaya, huorodhesha barua, nyimbo na majibizano. Ametumia maana ya kwanza, kwa kuwa hivyo ni vielelezo vya waandishi wote. Mtahini alitaka ya nne. Kosa si lake peke yake, maana neno alilisikia nyumbani kabla ya darasani.

Daraja la kumvusha ni maana ya tatu. Mkopaji twamjua kwa jambo alirudialo ilhali angeweza kutenda jingine. Mwandishi naye tumtafute hapo hapo: si kwamba ametia barua katika riwaya yake, bali kila atiapo barua huitumia kwa kazi gani. Mwalimu akianzia hapo, mwanafunzi ataacha kuorodhesha, ataanza kusoma.