Deni la Duka na Haki Isiyomaliza Mtaji

Tuchukue mfano wa mama mwenye kibanda Sigalagala, Kakamega, aliyekopesha bidhaa za shilingi 40,000. Mdeni amehamia duka jingine, wala halipi. Mama anaogopa kushtaki, ada ya wakili isije ikalimeza deni lenyewe.

Hofu hiyo twaielewa, lakini isitunyamazishe. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 imewekwa kwa watu kama yeye. Mahakama hizo, zilizoanza kazi Nairobi mwezi Aprili 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na kesi yapasa kukamilika ndani ya siku 60. Mwenye dai aweza kujieleza mwenyewe, hata kwa Kiswahili.

Akihitaji wakili wa kumwandikia barua ya madai, na waafikiane kwanza, kwa maandishi, ada moja isiyobadilika na kazi itakayofanywa.

Lililo kubwa zaidi ni ushahidi. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara yatuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Daftari lenye saini na ujumbe wa M-Pesa husema pale ndimi zinapokana. Kina mama, tuandikiane; kalamu haivunji udugu, bali huulinda.