Kulitafuta Gitaa la "Malaika"

Hakuna bendi ya hoteli pale Diani isiyoujua "Malaika". Mgeni huuomba chakula hakijafika mezani, na vijana huupiga bila hata kutazamana. Lakini wanachopiga, mara nyingi, si gitaa la santuri ya Fadhili William. Ni kodi tatu zinazokwanguliwa juu na chini, kama tulivyozizoea kupitia kwa waliouchukua wimbo baadaye: Miriam Makeba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya mwaka 1965, Boney M mwaka 1981. Wimbo ni uleule, mkono ni mwingine.

Fadhili alikuwa mtu wa Taita. Kwetu Taru huyo ni jirani: ukishaipita Mackinnon Road, kituo kikubwa kinachofuata ni Voi. Ubishi kuhusu nani hasa aliutunga "Malaika" ni wa miaka mingi na siuingilii hapa. Ninachokitafuta ni ule mkono uliosikika kwenye santuri iliyorekodiwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ninawaandikia vijana wa Taru, Samburu na Kinango wanaoshuka Diani na gitaa mgongoni.

Anza na mwendo wa sahani. Santuri ndogo ilikusudiwa izunguke mara 45 kwa dakika. Tangu hapo imenakiliwa kwenye kaseti, kaseti ikanakiliwa kwenye kompyuta, na kila mashine ilikuwa na mwendo wake. Ikikimbia kwa asilimia 2 tu, sauti hupanda karibu theluthi ya nusu toni. Ikikimbia kwa asilimia 6, wimbo mzima umepanda nusu toni nzima, na mwimbaji anasikika mdogo kuliko umri wake. Kijana asiyelijua hili hukaza nyuzi mpaka zilingane na rekodi, kisha anahangaika na vidole visivyofika. Usiguse nyuzi. Tumia programu ya simu kupunguza au kuongeza mwendo wa rekodi, sauti nayo ishuke au ipande pamoja nao, mpaka gitaa lako lililotyuniwa kawaida liafikiane na ile santuri. Gitaa lenyewe ulityuni palepale utakapopiga, kwa sababu joto la Taru hulegeza nyuzi za chuma, na ukifika baharini chumvi huanza kuzila.

Nyuzi zenyewe zina habari. Seti nyingi za gitaa la umeme za wakati ule zilikuwa nene, na uzi wa tatu ulikuwa umesokotwa kwa waya. Uzi kama huo hauvutiki kirahisi. Kwa hiyo mpigaji akitaka kutoka noti moja kwenda nyingine kwa ulaini, alitelezesha kidole kwenye shingo ya gitaa. Leo kijana ana nyuzi nyembamba zinazovutika kama mpira, na kila mwisho wa mstari anazivuta na kuziliza, huku amplifaya ikinguruma. Hapo ndipo "Malaika" unapoharibika, na naliona hilo kosa kubwa kuliko kukosea noti. Nunua seti nene. Zima mngurumo. Sauti iwe safi, kavu kidogo.

Sasa mkono wa kushoto. Kodi za msingi ni tatu: ya kwanza, ya nne, ya tano. Hizo unazipata kwa dakika chache. Kazi ni kujua zilishikwa wapi, maana kodi ileile inapatikana karibu na kichwa cha gitaa na pia katikati ya shingo, na ladha hutofautiana. Sikiliza nyuzi zilizo wazi. Ukisikia noti moja inaendelea kulia huku nyingine zikibadilika chini na juu yake, mara nyingi huo ni uzi ambao haujaguswa, na tayari umejua mkono ulikaa wapi. Kisha tafuta noti zinazokwenda mbilimbili. Wapigaji wa Afrika Mashariki walipenda sana sauti mbili zinazofuatana sambamba: zikikaribiana, hushikwa kwenye uzi wa kwanza na wa pili, zikiachana, ni wa kwanza na wa tatu, na ule wa katikati unarukwa.

Mkono wa kulia ndio mgumu, kwa sababu masikio hayauoni. Ushahidi mzuri ni "Masanga", wimbo wa mpiga gitaa wa Kongo Mwenda Jean Bosco, uliorekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville, Katanga, mwaka 1952. Mtafiti wa muziki David Rycroft aliwahi kukaa akaandika upigaji wa Mwenda noti kwa noti, na makala zake zikachapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwenye karatasi unaona mistari miwili mitatu inayopishana, unadhani vidole vinne vilifanya kazi. Mwenda alitumia viwili: gumba na cha shahada. Mpiga gitaa Mwingereza, John Low, alifunga safari hadi huko kujifunza kwa wapigaji wenyewe, akaandika kitabu cha safari hiyo. Mwenda aliwahi kuishi Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, na vijana wengi wa Kenya walimsikia redioni. Ndiyo maana unapojaribu gitaa la Nairobi la miaka ile, lipe gumba kazi yake ya besi kabla hujakimbilia kingine. Mstari ukikushinda kwa vidole vinne, jaribu viwili.

Zipo programu zinazodai kutenganisha sauti za rekodi. Zitumie, lakini usiziamini peke yake. Rekodi za namna hii zina kila kitu kwenye mkondo mmoja, na sauti za kati za gitaa hukaa palepale lilipo koo la mwimbaji. Programu ikiondoa sauti ya mtu, huweza kuondoka na sehemu ya gitaa.

Wapo bado wazee waliopiga zilizopendwa kwenye hoteli za Diani na kumbi za Msambweni. Nenda na gitaa, na mzee akikubali kupiga, weka simu upande wa mkono wa kulia, karibu kiasi cha kuona gumba, uache irekodi wimbo mzima bila kumkatiza.