Chonge Hazitoshi Kuwa Ushahidi

Mjadala wa nyama na mboga ukipamba moto, hakosi mtu wa kufungua kinywa na kuonyesha chonge zake: "Hizi ni za nini kama si za nyama?" Swali ni la haki, ila ushahidi wake ni dhaifu. Kiboko hula nyasi usiku kucha, na chonge zake za chini, zikipimwa pamoja na mzizi, zinaweza kufika nusu mita. Nyani dume naye ana chonge ndefu na kali, ilhali sehemu kubwa ya chakula chake ni matunda, mbegu, nyasi na mizizi. Wote wawili huzitumia zaidi kutishia na kupigana. Anayetaka kujua mnyama anakula nini aziache chonge, atazame magego, kisha kiungo cha taya.

Tuanze na mbuzi, maana kichwa chake hakipatikani mbali. Muuza supu anacho. Taya la juu, upande wa mbele, halina jino hata moja, ni ufizi mgumu tu. Meno 8 ya mbele ya taya la chini hubana majani kwenye ufizi huo, kichwa kikavuta, majani yakakatika. Nyuma yake kuna pengo refu, ndipo magego yaanze. Pitisha kidole juu ya gego moja: utahisi matuta makali yaliyopinda kama mwezi mwandamo. Gego hilo limeundwa kwa tabaka zenye ugumu tofauti. Laini hulika upesi, gumu hubaki limesimama, kwa hiyo kadiri mbuzi anavyosaga ndivyo gego linavyojinoa. Na akicheua, taya la chini huenda upande kwa upande. Hesabu meno yake yote: ni 32, idadi ileile ya mtu mzima mwenye meno kamili.

Simba ana 30. Magego yake hayana uso wa kusagia. Kila upande wa kinywa, jino moja kubwa la juu na moja la chini, yote bapa na makali, hupishana kama mkasi. Ndiyo maana simba anapokata ngozi hulaza kichwa na kutafunia pembeni. Kiungo cha taya lake kimekaa kama bawaba ya mlango: hufunguka na kufungika, basi. Hukata pande la nyama na kulimeza.

Sasa weka vidole mbele ya masikio yako, utafune. Taya linashuka, linateleza mbele, linakwenda pembeni. Kwa hilo tuko karibu na mbuzi kuliko simba. Lakini magego yetu hayana matuta ya kusaga nyasi. Yana vinundu vifupi vya mviringo vinavyoponda. Tukipewa nyasi tunashindwa. Tukipewa paja bichi la nyumbu na ngozi yake, tunashindwa vilevile. Kwangu mimi, haya ni meno ya kiumbe ambaye kazi yake kubwa hufanyika kabla chakula hakijafika kinywani.

Ushahidi wa hilo upo Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, ingawa hapohapo magego nayo yaliwahi kudanganya. Mwaka 1959 Mary Leakey aliona hapo fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi na magego makubwa mno, hata akaitwa mvunja karanga. Baadaye kaboni iliyohifadhiwa ndani ya meno ya jamii yake ilipopimwa, ikaonekana chakula chao kikubwa kilikuwa nyasi na mimea ya aina ya ndago. Hata wataalamu, basi, umbo la jino liliwapoteza njia.

Lakini katika bonde hilohilo kuna mawe yaliyochongwa yakapata makali, na mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa. Jiwe lile lilifanya kazi ambayo simba huifanya kwa meno. Moto ukaja kulainisha nyama na mizizi. Muda mrefu baadaye, kinu na jiwe la kusagia vikaponda nafaka. Kinywa kikabaki na kazi ndogo, na taya la binadamu likapungua kizazi baada ya kizazi.

Magego ya mwisho ndiyo yaliyobanwa zaidi. Kwa kawaida huota kati ya miaka 17 na 25. Kwa wengi hukosa nafasi yakaota yamelala, na kwa baadhi ya watu hayaoti kabisa.