Nani Alibeba Tofu?

Maze, siku mbogi yetu ilienda hotpoti Kilimani, hakuna mse alikuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake usiku. Tulikuwa sita, wote wa Umo, kila mtu amechanga ngiri mbili. Kwa akili yetu, ukiambiwa "kula mpaka ushindwe" hiyo ni vita. Tukadandia nganya hadi tao, tukashika ingine ya Kilimani, ubao ikiwaka hadi hakuna mse anabonga.

Sasa cheki vile mambo huenda. Wanaweka sufuria katikati ya meza, imegawanywa mbili. Huku supu nyeupe ya mifupa, imetulia tu. Kule mafuta nyekundu, pilipili zinaogelea, na punje flani za Sichuan zenye hata hazichomi sana, zinakutia ganzi mdomo mzima ni kama umetoka kung'olewa jino. Wachina huita hiyo ladha mala. Nyama inakuja mbichi, nyembamba kama karatasi, unajichemshia. Mmoja wetu akauliza kama huku jikoni kuna mpishi ama analipwa bure.

Tukakosea mapema. Tulianza na tambi na viazi! Buda, hapo ndio wanakushikanga, juu hizo vitu hufura kwa tumbo. Dakika 20 hivi, wasee wawili walikuwa wamelegeza mishipi. Mwingine alikuwa amechota ile supu nyekundu na kijiko akakunywa. Hiyo si ya kukunywa, ni ya kupikia tu. Alikaa choo hadi tukamsahau.

Na kwa ukuta wameandika: masaa mbili, na ukibakisha sahani, unalipia. Meza yetu ilikuwa imejaa sahani tulizojibebea, ni kama tunahama keja.

Weita, msupa flani wa mtaa kama sisi, akatuonea huruma. "Nyinyi mnapika kama mnachemsha madondo," akasema. Akashika kipande ya matumbo na vijiti, akaizamisha, akaitoa, akaizamisha tena. Mara 7 juu, mara 8 chini, sekunde kama 15, basi. Ukizidisha, inakuwa raba. Akaichovya kwa mafuta ya simsim na kitunguu saumu, akanipea.

Wacha nikushow, hiyo matumbo ilikuwa tamu kushinda ile ng'ombe yote ya bei. Ilitoa sauti kwa meno! Na sisi hizi vitu tunazimanga kibandani kila wiki, zimechemka tangu asubuhi, na chapo mbili. Baadaye nikasoma kumbe hotpoti ya aina hii ilianzia Chongqing, kwa wasee wa mashua na wapagazi wa mto Yangtze. Wenye doo walikuwa wanachukua nyama, hao wanabaki na matumbo, wanaitupa kwa pilipili ndio iende. Yaani dishi ya mahasla kabisa, na sisi mahasla tumepanda mathree mbili kuifuata huku kwa masonko.

Tukabeba matumbo sahani nne, tukamaliza zote. Nyama tukapigania. Uyoga, mos mos, pia ikaisha. Saa ikafika.

Ikabaki tofu, sahani moja, haijaguswa. Tulilipishwa soo tatu juu yake, na hadi wa leo hakuna mse amekubali ni yeye aliibeba.