Saa ya mazoezi ikimwasha mteja, mfanyabiashara ajue nini?

KAMPALA. Katika maduka ya simu ya katikati ya jiji, saa za mazoezi zimepangwa kando ya chaja na vipokea sauti. Zinahesabu hatua na kupima mapigo ya moyo, na bei zake hutofautiana sana. Kwa mfanyabiashara wa mpakani ni mzigo mwepesi: katoni ndogo hubeba saa nyingi, iwe inapitia Mpondwe kwenda Kongo au Elegu kuelekea Juba.

Kisha siku kadhaa baada ya mauzo, mteja anarudi. Pale kifaa kilipokaa pamevimba, panawasha, na alama inafuata umbo la saa yenyewe. Anataka fedha zake. Muuzaji anajua kwamba aliyemuuzia yuko Guangzhou au Dubai, na pengine risiti hana. Anamjibu mteja kwamba ngozi yake ndiyo mbaya, na hapo amempoteza.

Ukweli ni kwamba tatizo hili limewahi kuangusha hata bidhaa ya kampuni kubwa. Oktoba 2013 kampuni ya Fitbit ya Marekani ilitoa bangili ya mazoezi iitwayo Force, iliyouzwa dola 130. Haikumaliza nusu mwaka sokoni. Februari 2014 kampuni ilisitisha mauzo, na Machi 12 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ikatangaza kurudishwa kwa Force zipatazo milioni moja nchini humo na nyingine 28,000 Kanada. Malalamiko ya muwasho wa ngozi yalikuwa yamefika takriban 9,900, na 250 yalihusu malengelenge.

Fitbit ilieleza kuwa wengi wa waliolalamika huenda walipata mzio wa kugusa. Baadhi walidhuriwa na nikeli iliyomo katika chuma cha saa, wengine na vitu vilivyotumika katika mkanda au gundi ya kuunganishia. Chuma chenyewe hakikuwa cha hovyo. Kilikuwa kile kisichoshika kutu, cha kiwango cha vifaa vya upasuaji.

Kwa hiyo maandishi ya “stainless” nyuma ya saa hayatoshi kumaliza maswali. Muhimu ni kiasi cha nikeli kinachotoka na kuingia kwenye ngozi. Chuma aina ya 316L kina nikeli kati ya asilimia 10 na 14, lakini imeshikwa imara ndani yake na hutoka kidogo sana. Madini ya bei ya chini yaliyopakwa nikeli juu ili yang'ae yana hatari zaidi. Jasho lenye chumvi huilainisha nikeli hiyo, msuguano huibandua, na mkanda uliobana huishikilia hapo hapo kutwa nzima.

Mwili ukishaitambua nikeli kama adui, hausahau. Mzio huu kwa kawaida ni wa maisha. Mtu anaweza kuvaa kifaa kwa wiki kadhaa bila shida, kisha siku moja upele ukaanza. Baada ya hapo, kila akigusana na nikeli ya kutosha, muwasho hurudi ndani ya siku moja hadi tatu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Huonekana weusi uliokolea au rangi ya zambarau, na doa linaweza kubaki kwa miezi hata baada ya upele kupona.

Hata hivyo, si kila muwasho ni mzio. Mara nyingi tatizo ni jasho, sabuni na uchafu vilivyonaswa chini ya mkanda. Huo hutulia mtu akivua saa, akanawa na kukausha ngozi, kisha akavaa kwa kulegeza kidogo. Mzio haudanganyiki kwa usafi: saa ikirudi mkononi, nao unarudi. Kuna pia kuungua, ambako ni jambo jingine kabisa. Machi 2022 Fitbit hiyo hiyo iliirudisha saa yake ya Ionic kwa sababu betri zake zilikuwa zikipata joto kupita kiasi na kuunguza watumiaji. Saa inayochoma kwa moto ivuliwe papo hapo, isichajiwe tena.

Mbali na nikeli, mfanyabiashara aangalie mambo matatu. La kwanza ni mkanda. Silikoni safi mara chache huleta mzio, lakini mpira wa kawaida unaweza kuwa na kemikali za kuukaza zinazowadhuru baadhi ya watu. Mkanda wa ngozi ya mnyama nao unaweza kuwa umelainishwa kwa kromu, ambayo ni chanzo kingine cha mzio. La pili ni vyuma vidogo: bizimu ya kufungia mkanda, na vile vidoti vya kuchajia mgongoni mwa saa. Mkanda unaweza kuwa mzuri, bizimu ikawa ndiyo yenye nikeli.

La tatu ni gundi. Gundi nyingi za vifaa vya elektroniki zina kemikali za jamii ya akrileti. Hizo hizo zimo katika jeli na unga wa kucha za bandia zinazobandikwa saluni. Anayebandika au kubandikwa kucha akipata mzio huo, ngozi yake inaweza kukataa kifaa chenye gundi ambayo haikukauka sawasawa.

Maswali ya kumuuliza msambazaji kabla ya kulipa si mengi. Sehemu ya nyuma ni plastiki, titani au chuma gani? Bizimu imetengenezwa kwa nini? Je, ana ripoti ya kipimo cha EN 1811? Hicho ndicho kipimo cha Ulaya ambacho chuma hulowekwa katika jasho la bandia kwa wiki nzima, kisha nikeli iliyotoka hupimwa. Kikomo kwa vitu vinavyokaa kwenye ngozi kwa muda mrefu ni mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita mraba kwa wiki. Kiwanda kinachouza Ulaya kinapaswa kukijua kipimo hicho. Msambazaji asiyeweza kujibu hata swali moja kati ya haya ameshajibu.

Anayenunua kwa wingi anaweza pia kujipimia. Kuna dawa iitwayo dimethilglioksimu, inayouzwa kwa ajili ya kupima nikeli. Pamba iliyotiwa matone yake husuguliwa kwenye chuma. Ikigeuka ya waridi, nikeli inatoka. Saa mbili tatu za sampuli zikipimwa hivyo, katoni nzima inaweza kuokolewa.

Karatasi nazo zina uzito. Uganda ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, iliyoweka masharti kuhusu ubora wa bidhaa na kufaa kwake kwa matumizi. Shirika la viwango, UNBS, huendesha mpango wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja nchini, na Kenya na Tanzania zina mipango ya namna hiyo. Tena, utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa mzigo usiozidi dola 2,000 kwa cheti rahisi cha uasili, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya. Saa iliyotengenezwa China haiwi ya Uganda kwa kuwa imenunuliwa Kikuubo. Atunze risiti ya alikonunua, maana ndiyo itakayomsaidia kurudisha mzigo mbovu.

Dukani, swali moja la ziada lina faida. “Nnyabo, hereni za bei rahisi au kifungo cha jinzi huwa vinakuwasha?” Akijibu ndiyo, apewe saa yenye mgongo wa plastiki au titani na bizimu isiyo ya chuma, au mkanda wa kitambaa cha kubana. Aambiwe pia aoshe mkanda baada ya mazoezi, aukaushe, na aivue saa usiku ngozi ipumue.

Upele ukishatokea, aivue na asiivae tena hadi ajue sababu. Kukimbilia mirija ya krimu kali za steroidi zinazouzwa kiholela ni kuongeza tatizo, kwani zikitumika ovyo hukondesha ngozi. Penye malengelenge au usaha, aende hospitali. Daktari wa ngozi anaweza kubandika viraka vidogo vya kupimia mgongoni, akavitoa baada ya saa 48, na kusoma majibu siku zinazofuata. Akishaambiwa kuwa ni nikeli, atajua cha kuepuka katika hereni, mikanda na saa kwa miaka yote iliyobaki.

Na mfanyabiashara aliyempa saa nyingine, au aliyemrudishia fedha zake bila ugomvi, amepata hasara ya saa moja tu. Mteja atarudi.